Neno Shoga na Ndugu Zake

Kwa wanawake wa Mwambao wa rika langu, shoga ni neno tamu. Shoga ni mwanamke mwenzako anayekuwakilisha penye harusi usipoweza kwenda, anayejua ufunguo wa kabati lako unawekwa wapi, anayekusuka nywele huku akikuonya juu ya mume unayetaka kuolewa naye. Mama yangu alikuwa na shoga yake hadi kifo kilipowatenganisha. Nami nilipojiunga na chuo cha ualimu nikampata wangu, na tangu siku hizo tumeitana hivyo sokoni, msibani na kwenye simu. Siku hizi ameniomba jambo. Mbele ya wajukuu nimwite kwa jina lake, kwa kuwa wajukuu wakilisikia neno hilo hukohoa na kutazamana.

Mabadiliko hayo hayakuanza jana. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870, aliandika kuwa shoga ni rafiki, neno litumiwalo na wanawake kwa wanawake wenzao. Kisha akaongeza kwamba huko Lamu neno lilikuwa na maana nyingine: mwanamume anayelalwa na wanaume. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 nayo iliziweka maana zote mbili. Kwa hiyo zaidi ya miaka 150 iliyopita neno letu lilikwisha kubeba mizigo miwili, na wenyeji wa miji hii waliibeba yote bila kugongana. Mwenye kusikiliza alijua ni mzigo upi uliokusudiwa. Leo mzigo mmoja umeusukuma mwingine nje ya mlango, na uliobaki umegeuzwa jiwe la kumtupia mtu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimefundisha shule za sekondari za Pwani ya Kenya kwa zaidi ya miaka 30, na nilidhani maswali ya wanafunzi yangekoma pamoja na mshahara. Hayakukoma. Mmoja wao, mwanamke mzima sasa mwenye kazi yake na nyumba yake, alinipigia simu, akanisalimu kama zamani, kisha akasema: "Mwalimu, nataka kumwambia mama ukweli wangu. Mama hajui lugha nyingine ila Kiswahili. Nipe neno ambalo hatalisikia kama tusi." Ukweli wenyewe ni kwamba yeye huvutiwa na wanawake, na ndivyo alivyokuwa tangu alipojitambua.

Nilimwomba muda wa juma moja. Makala haya yametokana na juma hilo. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao, kama wengi wa rika langu, wanalisikia jambo hili likipigiwa kelele kila upande lakini hawajapata mtu wa kuwaeleza kwa utulivu. Hukumu ya dini yangu juu ya tendo naijua, na sikuja kuipindua. Lakini kuhukumu ni kazi moja na kufahamu ni kazi nyingine, na mwalimu huanza na ya pili.

Somo la kwanza ni kutenganisha mambo manne ambayo mazungumzo ya barazani huyafunga katika furushi moja. La kwanza ni mwili: mtoto huzaliwa na maumbile ya kiume, ya kike, au yasiyobainika moja kwa moja. La pili ni nafsi, yaani mtu anavyojitambua moyoni mwake, kuwa ni mwanamume au mwanamke. Kwa wengi nafsi na mwili hukubaliana, na kwa wachache hutofautiana. La tatu ni mvuto: moyo wa mtu humwelekea nani katika mapenzi. La nne ni tendo, yaani mtu anafanya nini, na nani, na kwa ridhaa gani. Mtu anaweza kuwa na mvuto maisha yake yote asitende lolote. Mwingine hutenda bila mvuto, kwa fedha au kwa kulazimishwa. Aliyezaliwa na mwili usiobainika hakuchagua chochote, na moyo wake unaweza kumwelekea yeyote, kama mioyo ya wengine wote.

Herufi nne za L, G, B na T zinazotajwa ulimwenguni hugusa jambo la pili na la tatu. Ya kwanza ni ya wanawake wanaovutiwa na wanawake, na jina lao la Kizungu limetokana na kisiwa cha Lesbos huko Ugiriki, nyumbani kwa Sappho, mwanamke mshairi aliyeishi yapata miaka 2600 iliyopita. Washairi wenzangu, tazameni: jina la watu hawa katika lugha nyingi za dunia limetoka katika diwani ya mashairi. Ya pili ni ya wanaume wanaovutiwa na wanaume. Neno lake la Kiingereza, gei, lilikuwa na maana ya uchangamfu kabla ya kuhamia kwao, nalo halikurudi lilikotoka. Ya tatu ni ya wanaovutiwa na jinsi zote mbili. Ya nne ni ya watu ambao nafsi zao hazikubaliani na jinsi waliyoandikiwa walipozaliwa. Siku hizi huongezwa na herufi ya wale wenye maumbile ya jinsi mbili.

Mwanafunzi wa jambo hili na ajihadhari pia na kuona kitu kisichokuwapo. Kwa Wakuria wa Mara upo mila uitwao nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine kwa mahari ili amzalie watoto wa kurithi boma. Mila wa namna hiyo wapo pia kwa Wanandi na Wakamba. Ndoa hizo ni za ukoo, mali na urithi, na mke aliyeolewa huzaa na mwanamume. Wanaozitaja kama ushahidi wa mapenzi ya wanawake wanakosea, na wanaosema Afrika haikupata kumwona mwanamke akimwoa mwanamke wanakosea pia.

Turudi kwenye maneno, kwa maana huko ndiko nilikoajiriwa. Kiarabu kina mzizi wenye herufi za khe, nun na the, unaobeba maana ya ulaini na kupindika. Kutoka mzizi huo Kiswahili kimepata maneno mawili: huntha na hanithi. Huntha ni mtu mwenye maumbile ya jinsi mbili. Hanithi katika kamusi zetu ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, na pia mwanamume anayelalwa na wenzake. Oman, ambako jamaa za Waswahili ni wengi, neno hilo hilo lina maana ya tatu: mwanamume aishiye kwa mwenendo wa kike, aketiye na wanawake na kutambuliwa hivyo na mtaa wake. Mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika habari za watu hao wa mji wa Sohar mwaka 1977. Basi mzizi ni mmoja na watu ni wanne, kila mmoja na hali yake. Wa kwanza ni suala la mwili. Wa pili ni wa tabibu. Wa tatu ni suala la tendo, na wa nne ni suala la nafsi. Anayewaita wote kwa jina moja la matusi hajui Kiswahili wala Kiarabu.

Mafakihi wetu wa zamani walizijua tofauti hizi vizuri kuliko sisi. Vitabu vya mirathi vya madhehebu ya Shafi, vinavyosomwa Mwambao hadi leo, vina mlango wa huntha ambaye hali yake haikubainika: hupewa kiasi kilicho na yakini, na sehemu yenye shaka huzuiwa mpaka mambo yabainike. Hakutupwa nje ya hesabu ya familia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipofafanua habari za wanaume wenye mwenendo wa kike aliwagawa mafungu mawili. Aliyeumbwa hivyo, asiyejilazimisha, hana lawama wala dhambi wala adhabu kwa umbile lake. Aliyejitia mwenendo huo kwa makusudi ndiye mwenye kulaumiwa. Unaweza kukubaliana na mgawanyo huo au usikubaliane nao, lakini huwezi kusema kwamba watu hawa walianza kuonekana na ujio wa televisheni.

Kenya imeanza kumrudisha huntha katika hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza kumpa nafasi yake katika dodoso, na waliohesabiwa walikuwa 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo imemtambua mtoto mwenye jinsi mbili kwa jina. Hatua hizo hazikuangusha mbingu. Wakunga wa vijijini wanajua kwa nini zilihitajika, maana wao ndio waliokuwa wakiulizwa na jamaa mlangoni, "Ni nani?", wakakosa la kujibu.

Neno la tatu ni msagaji. Limetokana na kusaga, kama unga kwenye jiwe, na watu hudhani ni kejeli ya mtaani. Lakini Kiarabu nacho humwita mwanamke wa namna hiyo kwa mzizi wenye maana ya kusaga na kuponda. Inaonekana wahenga wetu walitafsiri neno la kitabuni kwa ustadi. Basha, jina la mwanamume mtendaji, wataalamu hulihusisha na Pasha, cheo cha wakuu wa Kituruki. Angalieni hapo namna cheo na mapato yalivyoingia katika mapenzi. Watafiti Gill Shepherd, aliyeandika juu ya Mombasa, na Deborah Amory, aliyeandika juu ya mashoga na mabasha wa Mwambao, walionyesha kuwa katika miji yetu mahusiano haya yaliendana na nani ana mali, nani anatunzwa, nani anapiga ngoma na kuimba katika harusi za wanawake.

La nne ndilo zito kupita yote: kulawiti. Limetoka kwa jina la Nabii Luti, amani iwe juu yake, na lugha imemtenda isivyo haki, kwa maana aliyewakataza watu ndiye jina lake lililobandikwa tendo. Lakini dhara kubwa ni la magazetini. Mtu mzima anapomharibu mtoto, huandikwa kuwa "amemlawiti", na watu wazima wawili wakipendana kwa hiari zao, nao huandikiwa neno lilo hilo. Msomaji akilisoma mara mia katika habari za watoto walioharibiwa, mwisho huamini kuwa kila mwenye mvuto huo ni mwindaji wa watoto. Kumwingilia mtoto ni unyama, awe mtoto wa kiume au wa kike, awe mtendaji mwanamume au mwanamke. Lugha inayoshindwa kutenganisha ridhaa na unyama humwumiza asiye na hatia na humficha mhalifu, maana tunamtafuta miongoni mwa watu wenye mwenendo tofauti huku yeye ni mjomba mwenye heshima zake.

Sasa nifike kwenye maneno mawili yaliyonikalia kwa siku nyingi. Mwaka 1899 jarida moja la Kijerumani la elimu ya watu na mila lilichapisha taarifa fupi juu ya Unguja. Taarifa ilieleza kuwa kisiwani walikuwapo wanaume na wanawake waliozaliwa na mvuto kwa jinsi yao, na kwamba wenyeji waliwaita mke-si-mume. Hali yao, wenyeji walisema, ni amri ya Mungu. Mwandishi wake alikuwa na dharau za ukoloni wa zama zake, na mengi aliyoyaandika hayasomeki leo bila kukunja uso. Lakini maneno ya Kiswahili aliyoyanakili hayakuwa yake. Yalikuwa ya wazee wetu.

Neno la pili ni "kinyume cha maumbile". Hili tunalitamka kama methali ya kale, lakini ukilifuata nyuma utalikuta katika karatasi za mahakama. Uingereza ilitunga sheria ya kuwanyonga wanaume wa aina hii mwaka 1533, enzi ya Mfalme Henry VIII. Mwaka 1860 Waingereza waliandika Kanuni ya Adhabu ya India, yenye kifungu cha 377 juu ya kujamiiana kinyume cha mpango wa maumbile. Mwaka 1897 kanuni za India ziliingizwa katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na mwaka 1930 Kenya na Tanganyika zikapewa kanuni za adhabu ambazo mizizi yake ipo hadi leo. Nchini Kenya kifungu cha 162 kina adhabu ya hadi miaka 14. Tanzania adhabu ni kifungo cha maisha. Waingereza wenyewe waliliondoa kosa hilo kwao, England na Wales, mwaka 1967, na India ikalifuta tarehe 6 Septemba 2018. Sisi tumelishika jiwe alilotuachia mgeni, na sasa tunasema ni la babu.

Sidai kuwa wazee walikuwa wakiwashangilia watu hawa. Waliwacheka, waliwaficha, na wengine waliwatia aibu. Ninalosema ni kwamba katika Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19 lilikuwapo neno la kumwachia Mola amri yake, na katika Kiswahili cha leo limebaki la kumkabidhi mtu kwa askari.

Huko ng'ambo historia imepita njia yake. Neno la kitaalamu la mvuto huu lilibuniwa mwaka 1869 na mwandishi Karl-Maria Kertbeny, aliyekuwa akiipinga sheria ya Prussia. Mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua taasisi ya utafiti mjini Berlin, yenye maktaba kubwa. Mei 1933 Manazi waliivamia, wakabeba vitabu na kuvichoma hadharani. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, polisi walivamia baa iitwayo Stonewall mjini New York, na safari hii wateja hawakukimbia. Walipambana kwa siku kadhaa, na kumbukumbu ya siku hizo ndiyo huadhimishwa kila Juni. Tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani liliamua kuuondoa mvuto huu katika orodha ya magonjwa.

Afrika nayo haina sauti moja. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 iliukataza ubaguzi kwa sababu ya mvuto wa mtu, na mwaka 2006 nchi hiyo ikaruhusu ndoa zao. Msumbiji iliacha kuwaadhibu mwaka 2015, Shelisheli mwaka 2016, na Angola mwaka 2021. Uganda ilikwenda upande wa pili: sheria iliyotiwa saini Mei 2023 ina kifungo cha maisha, na hata kifo kwa baadhi ya makosa. Hapa Kenya, Mahakama Kuu ilivithibitisha vifungu vya adhabu tarehe 24 Mei 2019. Lakini tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba watu hawa wana haki ya kusajili chama chao kama raia wengine. Yaani tendo bado ni kosa, na mtu bado ni mtu. Walioisoma hukumu hiyo kwa haraka walidhani majaji wamejipinga. Mimi naona walitenganisha mambo niliyoyataja hapo juu.

Jamii yao basi ikoje? Kwa sehemu kubwa ni watu wanaokwenda kazini, wanaolipa karo za wadogo zao, wanaokwepa maswali ya shangazi juu ya ndoa. Wameunda vyama vya kusaidiana pale mmoja anapofukuzwa na mwenye nyumba au anapoumizwa na kuogopa kwenda kituoni. Wamejitafutia na majina: wa Uganda wengi hujiita kuchu, neno walilolichagua wenyewe. Binyavanga Wainaina, mwandishi wetu mashuhuri, Januari 2014 alichapisha insha ambamo alimwambia marehemu mama yake ukweli wake, akiandika mazungumzo ambayo hayakupata kutokea mama alipokuwa hai. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alitoa filamu juu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, na nyumbani ilipigwa marufuku. Jina lake ni la Kiswahili: Rafiki. Ndivyo wapenzi wa namna hii wanavyolazimika kutambulishana mbele za watu. Fikirini sasa: neno moja la urafiki, shoga, limegeuzwa tusi, na neno jingine la urafiki limegeuzwa maficho.

Darasani nililiona tusi hilo likifanya kazi. Katika shule moja alikuwapo mvulana mwenye sauti nyembamba na mwandiko mzuri kuliko wote. Sijui moyo wake ulielekea wapi, wala halikuwa swali langu. Wenzake walishampa jina, na waliliandika ubaoni kabla sijaingia. Nililifuta. Kisha nikaandika mahali pake ubeti nilioutunga papo hapo, nikawataka wauhesabu mizani na kuufafanua:

Ulimi una maneno, ya mawe na ya mikate,
Na hujenga maagano, hata pasiwepo pete,
Pia huchonga sindano, zichomazo watu wote,
Kabla hujatupa neno, liweke kwanza kinywani.

Waliuhesabu vizuri. Jina lilipungua katika kipindi changu, likaendelea bwenini. Kijana aliacha shule kidato cha tatu, na mwandiko ule sikuuona tena. Ubeti mmoja haufanyi kazi ya shule nzima.

Kipo hata hivyo kitu ambacho lugha yetu inacho na ambacho lugha nyingi kubwa hazina. Kiingereza kikimtaja mtu kwa kiwakilishi mara nyingi humlazimisha kuwa wa kike au wa kiume, na Kiarabu hufanya hivyo hata katika kitenzi. Kiswahili husema yeye, basi. Anakuja, amelala, nampenda: hakuna silabi inayouliza jinsi ya mtu. Ngeli yetu ya kwanza ni ya watu, na sharti la kuingia ni moja tu, kuwa na roho. Kwa sababu hiyo washairi wetu wa mapenzi wameweza kumwimba muhibu, laazizi au mpenzi kwa beti kumi bila msomaji kuambiwa ni mume au ni mke. Nimefundisha mashairi ya namna hiyo kwa miaka mingi, na kila mwanafunzi alimweka humo mtu wake. Bila shaka walikuwapo walioweka mtu ambaye wasingethubutu kumtaja. Shairi liliwastahi.

Juma lilipokwisha nilimpigia simu mwanafunzi wangu. Nikamwambia nimepekua kamusi, na kila nomino niliyoikuta ina doa la mkono wa mtu. Shoga si la kwake. Msagaji lingemchoma mama kabla sentensi haijaisha. "Mpenzi wa jinsia moja" ni neno la taarifa ya habari, na mama angedhani bintiye anasoma gazeti. Nikamshauri aache nomino na atumie kitenzi, maana kitenzi cha Kiswahili hakina tusi ndani yake: "Mama, moyo wangu humpenda mwanamke, kama wako ulivyompenda baba." Alinyamaza, kisha akaniuliza kama sarufi yake ni sahihi. Nikamjibu ni sahihi.

Alikwenda nyumbani, akaisema. Mama yake alimjibu neno moja: "Nimesikia." Hajaongeza lolote hadi leo, na binti hajui alichukulieje. Mimi nimemwambia asilipuuze neno hilo. Katika Kiswahili tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia maumivu na tunasikia baridi. Na mtoto asiyetii huambiwa hasikii. Kitenzi hicho ni kipana, na mama yake ni Mswahili.

Naomba sasa msaada wenu, hasa ninyi wa Lamu, Pemba, Tanga, Bukavu na Maskati. Katika lahaja zenu, wazee waliwaitaje watu hawa pale walipokuwa hawana nia ya kuwatukana? Mke-si-mume limebaki kwa yeyote? Amri ya Mungu mmepata kulisikia likitumiwa hivyo? Leteni maneno hayo pamoja na sentensi zake, kama yalivyosemwa, nami nitayakusanya. Wapo wanaoyahitaji kuzungumza na mama zao.